Nusu Yangu, Nusu ya Afande

Kwanza, acheni kuyabonyeza. Nawaona kila asubuhi mkipita mbele ya nyumba yangu hapa Mafubira, ndoo kichwani, na mteja akisimama mnatoa tufaha na kulikandamiza kwa kidole gumba ili aone kwamba ni gumu. Mnamwonyesha ugumu wake na papo hapo mnauharibu. Alama ya kidole haionekani leo. Kesho itakuwa doa la kahawia, na mteja atasema mmemuuzia uozo, naye atakuwa na haki.

Jina langu ni Wafula. Nimezaliwa upande wa Kenya, Mbukusu, na nilivuka mpaka nikiwa kijana, juu ya lori la matunda lililokuwa linakuja Jinja. Lori lilirudi, mimi nikabaki. Nimeuza matufaha miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Magoti yalipokataa kusimama kutwa nzima nikamwachia mtu mwingine meza yangu, na sasa kazi yangu ni kukaa barazani na kuwakosoa. Baadhi yenu mmesimama mkaniuliza maswali. Kuuliza si ujinga. Nimeona niwaandikie majibu, maana nikiwajibu kwa mdomo mnakimbia mteja akiita.

Sokoni sote tunasema apo. Hapa nitaandika tufaha, ili mjukuu wangu anayesahihisha maandishi yangu asipate la kunicheka.

Ninyi mmelikuta tufaha likiwa tunda tu. Mtu anashuka kutoka kazini, ananunua moja, analifuta kwenye shati, anakula akitembea. Hamjui kwamba zamani jambo hilo lilikuwa kituko. Nilipoanza kazi, tufaha lilikuwa tunda la mgonjwa. Ukimtembelea mtu hospitali ulibeba mkate, maziwa, na kama unampenda sana, matufaha mawili au matatu. Ukionekana barabarani na matufaha, watu walikusimamisha na kukuuliza kwa sauti ya chini nani amelazwa. Mtu mwenye afya hakula tufaha, kama vile mtu mwenye afya hamezi dawa kwa kufurahia ladha yake. Kwa hiyo sisi wauzaji tulijipanga karibu na lango la hospitali, na tulijua hali ya wodi kuliko baadhi ya madaktari.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Hajati Zaina, Mungu amrehemu. Meza yake ilikuwa ya kwanza kutoka langoni, na alikuwa na Kiswahili kizuri kuliko mtu yeyote pale, na ulimi mkali wa kukitumia. Siku ya kwanza alinipa matufaha mawili mekundu, yanayofanana, akaniuliza lipi ni zuri. Nikayatazama, nikachagua lenye rangi zaidi. Akacheka.

"Umechagua shati," akasema. "Sasa chagua mtu. Pima kwa mkono."

Nikapima. Lile jingine lilikuwa zito zaidi ingawa ukubwa ulikuwa mmoja. Uzito ni maji, na maji ni uhai wa tufaha. Likiwa jepesi limeanza kukauka ndani, ukiliuma ni kama unga. Halafu tazama kikonyo chake. Halafu nusa hapo hapo kwenye kikonyo. Halafu ligonge kwa ukucha, taratibu, usikie kama sauti imekaza au imelegea. Kuna njia zote hizo, na hakuna hata moja inayohitaji kidole gumba.

Alinifundisha pia kwamba jekundu huuzwa na macho, la kijani huuzwa na mdomo, na lenye michirizi huuzwa na pua. La kijani usilisifie kwa maneno, mkatie mtu kipande. Lenye michirizi mpe alinuse.

Na ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa boksi ni idadi ya matunda yaliyomo. Namba ikiwa ndogo, matunda ni makubwa. Nawaambia kwa sababu mwanzoni nilikuwa nashindana na wenzangu kuchukua boksi zenye namba kubwa, nikidhani ndizo bora. Nikawa na matufaha kama ndimu, huku nikijivunia. Hajati aliniacha nijivunie muda mrefu kabla ya kuniambia. Alipenda kosa liive kwanza.

Kosa lililomwivia kweli lilikuwa la ndizi. Aliniachia stoo yake siku chache, akaenda msibani Iganga. Ndani kulikuwa na mikungu ya ndizi mbichi na gunia la parachichi gumu kama mawe, vyote akivingojea wiki inayofuata. Mimi nikaona pana nafasi katikati, nikapanga boksi zangu za matufaha, nikafunga mlango vizuri kwa sababu nilikuwa mtu mwangalifu. Aliporudi, harufu ilimpokea barabarani. Ndizi zote zilikuwa za manjano, nyingine nyeusi, parachichi limelegea kama uji. Tufaha lina pumzi, na pumzi hiyo huivisha majirani zake. Hajati alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akasema, "Wafula, umeniivishia hata miguu." Siku ile nzima tuligawa ndizi. Lakini mkitaka kuivisha parachichi mbili za chakula cha kesho, zifungeni katika mfuko pamoja na tufaha moja. Kosa lile limenilisha vizuri tangu hapo.

Kosa la mafuta lilikuwa langu peke yangu. Nilitaka matufaha yangu yang'ae kuliko ya wengine, nikayapaka mafuta ya kupikia, kidogo tu, kwa kitambaa. Yaling'aa. Nikaenda nayo Bugembe, kando ya barabara kuu. Vumbi la malori lilikuja likakuta mafuta, likakaa. Dereva mmoja Mkenya akanunua moja, akalifuta, akauma, akalitazama.

"Ndugu yangu," akasema, "hii ni apo ama ni chapati?"

Kitambaa kikavu kinatosha. Na msiyaoshe kabla ya kuuza, maji yakikaa kwenye shimo la kikonyo ni uozo. Mnunuzi ataosha mwenyewe kwake.

Sasa niwaambie kosa kubwa, ambalo nusura linigharimu maisha yangu niyajuayo. Nilikuwa na meza yangu mwenyewe tayari, mbali kidogo na ya Hajati. Msichana mmoja kutoka Mbale alikuwa anakuja Jinja kwa dada yake, na kila akipita alinunua tufaha moja la kijani, akalila palepale, amesimama, bila kumtazama mtu. Jina lake Nambozo. Nilimuuliza kama ana mgonjwa. Akasema, "Mgonjwa wa nini? Mimi napenda tu." Nilimpenda saa ile ile. Sikuwa nimekutana na mtu anayekula tufaha kwa sababu anapenda tu.

Baada ya muda tukakubaliana, na ikabaki kwenda kujitambulisha kwa baba yake. Wote walimwita Afande, hata mkewe. Alikuwa amestaafu juzijuzi kutoka jeshi la magereza, amerudi kwenye shamba lake la kahawa mlimani nje ya Mbale. Nambozo aliniambia baba ni mtu wa maneno machache, nisibabaike. Akaniambia nibebe vitu vya kawaida, sukari, sabuni, nyama, mkate. Lakini mimi nilikuwa mtu wa matufaha. Nilitaka mzee aone kazi yangu katika ubora wake. Nikachagua boksi zima la mekundu, namba ndogo, kila tunda limefungwa karatasi yake nyembamba. Nikalifunga kwenye pikipiki nyuma yangu, na pale nilipoanza kupanda mlima nikafungua kifuniko ili yapate hewa.

Mnaona kosa lenyewe. Nilipita kijiji kizima na boksi wazi la matufaha, nikauliza watu wanne nyumba ya Afande iko wapi.

Nilipofika alikuwa amesimama uani, amenyooka kama bado yuko gwaride. Nikashusha boksi mbele yake. Akalitazama muda mrefu.

"Hii nini?"

"Matufaha, Afande."

"Mimi naona ni apo. Mimi nauliza, nani iko mgonjwa hapa?"

Nikasema hakuna mgonjwa, ni zawadi. Kabla hajajibu, mlango wa ua ukafunguliwa, wakaingia kina mama wawili na chupa ya chai, nyuso zimeshuka. Nyuma yao mzee mwingine na mkongojo. Nyuma yake watu zaidi. Wote walikuwa wameona boksi, na wote walijua kwamba boksi zima si ugonjwa mdogo. Walimpa Afande mkono mmoja mmoja, wakamwambia pole. Jirani yake, polisi mstaafu, alimshika bega akamwambia kwa Kiswahili cha kazini kwao, "Afande, mficha maradhi kilio humfichua. Sema tu kitu gani nauma wewe."

Msicheke sana. Mjue kwamba wakati ule kulikuwa na maneno kuwa askari akivua sare hakai sana duniani. Mzee alikuwa ameyasikia maneno hayo, na nadhani usiku alikuwa anayahesabia miezi. Halafu akaja mgeni asiyemjua na boksi la kuyathibitisha. Sikuyafahamu hayo siku ile. Niliona tu mtu mrefu mwenye hasira.

"Mimi nasimama," alisema, na alisema kwa uani mzima. "Mimi nakula. Mimi nalima. Wewe Mkenya naleta mimi hospitali nyumbani. Chukua sanduku yako. Na binti yangu hapana toka hapa kufuata mtu ya kilio."

Nambozo alikuwa mlangoni. Hakulia. Alinitazama kama mtu anayetazama ndizi zilizoivishwa stoo. Nikafunga boksi, nikateremka nalo mlima, na watu niliowauliza njia walinipa pole tena.

Nilifika Jinja nikamweleza Hajati kila kitu. Nilitegemea anihurumie.

"Uliyapeleka kwenye boksi?"

"Ndiyo, Hajati."

"Na karatasi zake?"

"Kila moja na karatasi yake."

"Basi mzee wa watu ana haki. Mtu akiletewa tunda zima, limefungwa, hawezi kulila mbele yako. Atalifanya nini? Ataliweka kando ya kitanda. Hiyo ni hospitali." Alikuwa anapanga meza yake, hakunitazama. "Ukimpelekea mtu embe, anakuuliza nani mgonjwa? Hakuulizi. Amekuona wewe mwenyewe ukila embe tangu utotoni, maji yanakutiririka hadi kiwikoni. Apo amekuona ukila lini? Mimi mwenyewe nakufahamu miaka, sijakuona ukila moja. Unauza kitu usichokila, unataka mkwe akile?"

Ilikuwa kweli. Niliyapanga, niliyafuta, niliyasifu. Nikisikia njaa nilinunua muhogo. Niliona haya, na haya hiyo bado naikumbuka.

Akafungua mkoba wake akatoa kisu kidogo cha kukunja, mpini wa mti. "Tunda la kila siku hukatwa," akasema. "Kata, kula nusu. Hiyo nyingine itajitafutia mwenyewe."

Nilisubiri hadi Nambozo aliponiletea habari kupitia dada yake kwamba Afande anapogoa kahawa, na yuko peke yake. Nikavaa nguo za kazi, nikachukua panga, nikaweka tufaha moja la kijani mfuko mmoja na kisu mfuko wa pili. Sikubeba kitu kingine. Nikamkuta mteremkoni. Nikamsalimu, akaitikia kwa pua. Nikaenda mstari wa pili wa kahawa, nikaanza kupogoa. Kwetu kuna kahawa, najua kazi hiyo, najua tawi la kubakiza. Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Tulifanya kazi hivyo asubuhi nzima.

Jua lilipofika juu akakaa kwenye jiwe. Mimi nikakaa kwenye jiwe jingine, si karibu sana. Nikatoa tufaha, nikalikata katikati. Nusu moja nikaiweka juu ya jani la mgomba, kati yetu. Nusu nyingine nikaanza kuila. Sikumwambia karibu. Hilo lilikuwa gumu kuliko kupogoa, maana nimelelewa kukaribisha, na kula mbele ya mkwe bila neno ni jambo ambalo mama yangu angelikemea hata kutoka kaburini. Nilikula nikitazama bonde.

Afande akasema, "Wewe iko mgonjwa?"

"Hapana, Afande. Nina njaa."

Akaitazama ile nusu. Ilikuwa imeanza kugeuka rangi pembeni, kama yanavyofanya yakikatwa. Akaichukua. Akauma kwa meno ya upande, akatafuna kwa uangalifu wa mtu anayekagua chakula cha wafungwa. Akameza.

"Iko na maji," akasema.

"Ndiyo, Afande."

"Chachu kidogo." Akamaliza yote hadi kwenye mbegu, akazitemea kwenye kahawa. Kisha akainuka. "Kesho kuja na panga kali. Hii yako nachana, hapana kata."

Nikalala kwa shangazi yake Nambozo kijiji cha pili, nikarudi kesho yake na panga kali na tufaha jingine moja. Na kesho kutwa. Tulimaliza shamba lile siku ya nne. Baada ya mavuno ya kahawa nikaoa.

Kuanzia siku zile ikawa desturi yetu wawili. Kila nilipoenda Mbale, na nilienda mara nyingi, nilibeba tufaha moja tu. Kwa mama mkwe nilipeleka sukari na sabuni kama watu wengine. Kwa Afande, tufaha moja mfukoni, kisu, nusu kwa nusu. Aligundua mwenyewe kwamba la kijani linapendana na karanga za kukaanga, akawa anatoka na kiganja cha karanga akisikia sauti yangu uani. Hakuwahi kuniita mwana wala mkwe. Aliniita Mkenya hadi nilipokuwa na watoto watatu. Nilikuwa nimezoea, lakini nisiwadanganye, lilikuwa linaniuma kidogo kila mara.

Biashara yangu nayo ilibadilika kutokana na jiwe lile. Nilihamisha meza kutoka lango la hospitali. Wenzangu waliniona nimechanganyikiwa. Nikaenda Buwenge siku za soko, na pale sikuuza boksi wala mfuko. Nilikaa na kisu nikakata vipande, robo robo, na kisosi cha chumvi na pilipili kama watu wanavyokula embe bichi. Na mimi mwenyewe nilikula, muda wote, tumbo likajaa upepo. Kina mama waliniuliza, "Nani mgonjwa?" Nikawajibu, "Mimi, nina ugonjwa wa kupenda kula." Wakacheka, wakaonja. Aliyeonja alirudi na jirani. Hapa Mafubira palikuwa na askari polisi mmoja niliyemzoesha kula moja kila asubuhi akienda kazini, amevaa sare. Watu walipoona askari mwenye afya, tena mnene, akitafuna tufaha hadharani, aibu ikawatoka. Yule alinisaidia kuliko tangazo la redio.

Nambozo naye alifanya la kwake jikoni. Anakatakata la kijani kwenye kachumbari badala ya nyanya zikiadimika. Yaliyogongwa lorini anayapika kidogo, anayachanganya kwenye uji wa watoto, na sukari inabaki kwenye kopo. Tufaha lililogongwa si la kutupwa wala la kufichwa chini ya ndoo, ninyi wenye tabia hiyo najua majina yenu. Likate, toa pabaya, uza kipande leo leo, mwambie mteja kwa nini umelikata. Siku hizi yanakuja pia ya kwetu Uganda, kutoka milima ya Kigezi. Ni madogo na sura zake ni za huzuni, lakini yana ladha. Yauzeni kwa kisu.

Sasa nimalizie Afande, ambaye leo amelala chini ya kahawa yake.

Aliishi miaka mingi sana baada ya kuvua sare, akawazika wengi wa wale waliompa pole siku ile. Kisha akaugua kweli. Akalazwa Mbale, na Nambozo akatangulia kwenda kumuuguza. Mimi nikafuata siku ya tatu. Njiani kutoka Jinja nilikuwa na swali moja tu. Nimpelekee nini? Mimi, muuza matufaha, sikujua nimpelekee mgonjwa nini. Nikimpelekea tufaha, hatimaye nimeleta hospitali kama alivyosema. Nisipompelekea, miaka yote ile tulikuwa tunakula nini? Nilisimama mbele ya wauzaji pale lango la hospitali, vijana kama ninyi, wakaniita, "Mzee, apo ya mgonjwa," na nikapita bila kununua.

Wodi ilikuwa na watu wengi. Afande alikuwa amepungua hadi mabega yalikuwa kama kiango cha nguo, lakini macho yalikuwa yale yale. Kwenye kabati dogo kando ya kitanda chake kulikuwa na matufaha. Kanisa lilileta, majirani walileta, askari wastaafu wenzake walileta. Yalikuwa mekundu, mazima, kwenye mifuko yake, mingine haijafunguliwa. Hakuwa amegusa hata moja. Nambozo alinong'ona kwamba siku tatu hali kitu.

Nikamsalimu. Akanitazama mikono.

"Mkenya, wewe nakuja bure?"

"Ndiyo, baba. Niliogopa."

"Naogopa nini?"

Nikamwonyesha yale ya kwenye kabati, nikasema naona umeletewa mengi. Akageuza kichwa kidogo akayatazama kama alivyolitazama boksi langu uani, zamani ile.

"Hii ni ya mgonjwa," akasema. "Yangu iko wapi?"

Nikaingiza mkono kwenye koti kwa sababu sikujua pa kuuweka, na ndani ya mfuko lilikuwemo. La kijani, limegongwa upande mmoja. Nilikuwa nimelibeba tangu asubuhi kwa ajili ya njaa ya safari, kwa mazoea tu, na kwa wasiwasi nikalisahau. Nikatoa kisu cha Hajati. Nikalikata katikati, nikaondoa palipogongwa kwenye nusu yangu. Nusu yake nikaikata vipande vyembamba kwa sababu ya meno. Nikaviweka juu ya kitambaa, kati yetu, juu ya shuka. Sikumwambia karibu.

Nikala nusu yangu. Akanyoosha mkono, akachukua kipande, akatafuna polepole kwa meno yale ya upande. Nambozo aligeukia dirishani. Afande akachukua kipande cha pili.

"Karanga hakuna?"

"Kesho, baba."

Muuguzi akapita akipiga makofi, akasema saa ya kuona wagonjwa imekwisha, wageni wote watoke. Watu wakaanza kukusanya mifuko yao. Nikafunga kisu, nikainuka. Afande akanishika mkono wa koti, na mshiko wake ulikuwa bado wa mtu wa magereza.

"Sista," akamwita, "huyu hapana mgeni. Huyu ni mtoto yangu. Wacha yeye kwanza, sisi bado nakula."

Nikakaa, nikakifungua kisu tena.